Mama Ishirini, Tumeanza Kuhesabu Tena

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu ulipolazwa hospitali usirudi, na mkoba wako wa chuoni ukabaki nyuma ya mlango na vipande vya chaki ndani yake. Bado upo palepale. Kila Jumamosi mtu anasema atautoa, na hakuna anayeutoa. Tumechoka, Mama. Ukubwa ni jalala, na mimi kifungua mimba wako ndiye niliyetupiwa kalamu hii, kwa sababu Baba anasema macho yanamsumbua. Macho yake ni mazima.

Ulifundisha elimu jumuishi chuo cha ualimu kwa miaka kumi na tisa, katika chumba cha mwisho, jirani na stoo ya madawati mabovu. Walimu watarajiwa walikuja kwako wakidhani watakariri aina za ulemavu, wafanye mtihani, yaishe. Wewe uliwaletea Kitinda.

Kitinda, kwa wasiomjua, ni mdogo wetu wa mwisho. Akili yake inakimbia, ila maneno humtoka kwa shida na kwa kuchelewa. Ulimketisha mbele ya darasa, mwanachuo akamwuliza swali, na sharti lako lilikuwa moja: ukishauliza, hesabu kimoyomoyo hadi ishirini kabla hujafungua mdomo. Wengi walishindwa walipofika saba. Walimdokezea jibu, wakalimalizia wenyewe, wakajipongeza. "Haya, wewe umepata," uliwaambia. "Sasa mpe na yeye nafasi apate."

Ndipo wakakuita Mama Ishirini. Mkuu wa chuo alipokutania kwamba subira huvuta heri, ulimjibu, "Yangu inavuta mpaka ishirini tu, mkuu. Ikizidi hapo, natafuta njia nyingine ya kuuliza."

Nyumbani nako hukutuacha tupumzike. Siku moja nilinung'unika, "Mama, si tunajua anataka chai?" Ukasema, "Mnajua nyinyi. Kwani anakunywa nani?"

Sasa tunakuungamia. Ulipoondoka, tuliacha kuhesabu. Hatukupanga. Asubuhi kuna kufua, kuna kumvalisha, kuna basi la shule lisilomngoja mtu, na Baba na mimi tukaanza kumjibia. Anataka chai. Ameshiba. Amelala vizuri. Kusema kweli ilikuwa nafuu. Kufikia mwezi wa sita tangu uondoke, Kitinda hakuwa akisema chochote. Tukajiambia ni majonzi. Majonzi yalikuwepo, lakini kosa lilikuwa letu.

Mwezi uliopita mwalimu mkuu wa shule yake alituita. Alisema mtoto hajibu tena darasani, pengine ni heri akae nyumbani. Kisha akamgeukia Kitinda. "Unataka kuendelea na shule?"

Nilishafungua mdomo, Mama. Mwalimu wake mpya, dada mmoja mwembamba aliyekaa pembeni na madaftari mapajani, akaninyooshea kiganja ninyamaze. Midomo yake ilikuwa inachezacheza. Nikaijua ile hesabu. Baba akainamisha kichwa akitazama sakafu, na mimi nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona.

"Nataka," alisema Kitinda. Akavuta pumzi. "Ila msinijibie."

Tulipotoka nilimwuliza yule mwalimu kama alipita mikononi mwako. Akacheka huku akifuta machozi. "Mimi ni mmoja wa wale walioishia saba," alisema. "Alinirudisha mbele mara nne."

Kitinda anaendelea na shule. Nasi tunahesabu, usingizi ukiwa machoni na chai ikipoa. Jana Baba alishindwa alipofika kumi na mbili, akaomba radhi, akaanza upya.

Unakumbukwa na mumeo, wanao watatu, mama yako mzazi anayeliita jina lako kila anapoamka, dada zako, na walimu uliowafunza kunyamaza.

Kitinda amekataa tumwandikie salamu zake. Basi tulikaa mezani tukangoja, tukapita ishirini, tukamwuliza kwa njia nyingine, tukangoja tena. Hizi ni zake mwenyewe: "Mama, mkoba wako nimeuchukua mimi." Tulipotazama nyuma ya mlango, haukuwepo tena.

Daima tutakukumbuka, hata tukichoka.