Namba Yako Usiisogeze

Mdogo wangu mpenzi,

Watu wengi wakikuta vipimo viwili havilingani, hudhani lazima mmoja wa wapimaji amezembea. Wewe usiwe miongoni mwao. Hayo yalinitoka hata kabla ya salamu, unisamehe. Hujambo? Shemeji na wapwa zangu hawajambo? Sisi wazima, ila mgongo wangu na feni ya ofisi vinashindana kulalamika.

Barua yako imenichosha kuliko kazi. Unasema mkuu wako anakuita mbishi, na kwamba ukilegeza makadirio fulani namba yako itapanda ikaribie yangu, sote tupumzike. Hata Mama, aliyetuona tukinuniana mezani, ameniuliza kama huo ulimwengu tunaougombania ni kiwanja cha marehemu Baba.

Nilimweleza hivi. Ulimwengu unatanuka, nasi tunatafuta kasi yake. Mimi hupima nyota na galaksi za karibu, kama mtu anayemsimamisha mtoto mlangoni na kuweka alama ya penseli juu ya kichwa chake. Wewe huchukua nuru kongwe kuliko zote, kama kadi ya kliniki ya mtoto huyohuyo alipozaliwa, ukapiga hesabu ya urefu anaopaswa kuwa nao leo. Alama yangu imeizidi hesabu yako kwa karibu asilimia tisa. Mama akasema basi huenda mtoto alikula kitu ambacho hakuna aliyekiona. Nikacheka, ingawa wakubwa wetu kazini hawajasema vizuri zaidi.

Unajua utaratibu wetu: mwenzetu mmoja huongeza kiasi cha siri kwenye namba zote, tufanye kazi bila kuliona jibu, asije mtu akalivuta anakopenda. Jana asubuhi alikiondoa. Kabla hajabonyeza kitufe, niliomba moyoni tuwe tumekosea. Ndiyo, mimi, niliyekubishia miaka yote. Nilitaka namba yetu ishuke ikutane na yako, nije kwako nile bila ubishi.

Haikushuka. Ni ileile. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilikwenda kukaa ngazini. Nimekagua kila ninachojua kukagua, na kosa langu silioni. Wala lako sijawahi kuliona. Ukiisogeza namba yako kwa kunihurumia, pengo litazibika, na alichokula yule mtoto hakitajulikana kamwe.

Mama anakusalimu, wifi yako pia. Wabusu wapwa zangu.

Leo, kabla hujatoka ofisini, peleka ripoti yako na namba ileile uliyoipata.

Kaka yako