Kupumzika Kikambala

Jumatatu, 3 Juni 1974

Nimeamka kabla ya jua. Nimefagia uwanja. Nimefagia tena. Nimefua shati la Baba Mwangi ambalo halikuwa chafu. Saa tatu kazi imekwisha. Saa tatu! Nyumbani Gatitu saa hiyo nimeshakamua, maziwa yameshaenda, na niko katikati ya kahawa na jembe langu.

Baba Mwangi, mume wangu, yuko ufukweni. Mkeka, shati wazi, miguu mchangani. Anatazama maji. Yanakuja, yanarudi. Nimemuuliza anaona nini huko. Akasema hakuna, akacheka.

Tuko hapa Kikambala tangu Pasaka. Daktari wa Nyeri alisema kifua chake kisikae kwenye baridi ya mlima mwaka huu, akae pwani mpaka mwezi wa tisa. Miaka yote ile kwenye kiwanda cha mbao, vumbi lote lilimwingia. Nilikubali. Nani angekataa? Lakini hakuna aliyeniambia kupumzika ni kazi ngumu namna hii. Nilifundisha darasa la pili mpaka nikastaafu, na mtoto aliyekaa bure nilimpa ufagio. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi miezi miwili, na jembe sijaliona.

Nimechoka na kupumzika.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimepanda viazi nyuma ya nyumba. Jembe nimeazima kwa Mama Rehema, mwenye chumba hiki tunachopanga. Alisimama mkono kiunoni, akanitazama nikipiga matuta.

"Shoga, hapo utavuna kaa."

Nikamwambia kwetu tunapanda viazi hata juu ya mawe. Akaenda zake akicheka. Acha acheke. Mgongo unaniuma vizuri, kama wa mtu aliyefanya kitu.

Jumapili, 9 Juni

Baba Mwangi amekula samaki.

Naandika hivyo nione kama itaingia akilini. Mzee wa kanisa, mtoto wa Nyeri. Kwetu samaki haliwi; mama yake angezimia. Mama Rehema alikaanga samaki changu, akamwekea kwenye sahani na wali, kichwa na macho yote. Nilidhani atasema asante na kumpa paka. Akala. Akalamba vidole! Akaniambia, "Hii nyama ni laini sana, onja kidogo." Nikamwambia mimi nyoka wa maji sili. Nikala wali na chumvi, nikakasirika mpaka jioni.

Kilichoniudhi zaidi si samaki. Ni kwamba amezoea. Mwili umejaa. Halalamiki juu ya kitu chochote. Nikitaja kahawa, anasema Mwangi yuko huko, ataangalia. Mwangi ni mwanetu wa kwanza na ni kijana mzuri, lakini kahawa haijui.

Ijumaa, 14 Juni

Viazi vimeoza vyote. Nimefukua, vimekuwa uji. Sijamwambia mtu. Mama Rehema ameona, ameniletea mihogo. Ni mwanamke mwema, na hilo pia linaniudhi.

Bahari leo ilikwenda mbali sana. Baba Mwangi alitembea mpaka kwenye yale majabali meusi, akarudi bila kusimama hata mara moja. Nilikuwa nimekaa nikimtazama. Pasaka, kutoka mlangoni hadi chooni alikuwa anashika ukuta. Nilifurahi. Kisha nikafikiri, basi amepona, twende nyumbani.

Ijumaa, 21 Juni

Bwana asifiwe. Ndirangu amekuja.

Ndirangu ni dereva wa lori kutoka Chaka, karibu na kwetu, anayeleta viazi kwenye mahoteli ya huku. Ndiye anayetupa habari za nyumbani. Leo kashuka na salamu za Mwangi: wazee wa upande wa mchumba wake Nyawira wamekubali, ngurario, ile sherehe ya kukata nyama ya ndoa, itakuwa Jumamosi tarehe ishirini Julai. Mbuzi watachinjwa, mambo ya mahari yataisha, na Nyawira atakuwa mke wetu.

Baba Mwangi alisimama. Alisimama kabisa, kutoka kwenye mkeka wake. Akasema, "Lazima niende. Nani mwingine atakata nyama?" Sijamsikia akisema hivyo tangu tuje. Niliimba nikipika. Daktari alisema mwezi wa tisa, lakini madaktari huongeza siku kama wauza nguo wanavyoongeza bei. Siku chache za baridi, na koti zuri. Itakuwa nini?

Jumanne, 25 Juni

Ati anazoeza kifua. Kila alfajiri anajimwagia maji ya kisima, ya baridi, ndoo nzima. Anasema akifika nyumbani mwili usishtuke. Nimecheka mpaka nikashika mlango. Nimemchotea mwenyewe ndoo ya pili.

Jumapili, 30 Juni

Mvua tangu Ijumaa, na upepo wa kusi. Mwani umejaa ufukweni, unanuka.

Tulikwenda kanisani kwa miguu. Nilisema tungoje mvua ipite. Akasema hii si mvua, hii ni joto lenye maji. Njiani kurudi alikohoa, akasimama, akashika mti. Midomo ikawa kama majivu. Alikuwa akivuta hewa na hewa haiingii. Alinitazama. Miaka thelathini na mbili ya ndoa, sijawahi kumwona akiniangalia vile, kama mtu anayeomba.

Mume wa Mama Rehema alimbeba mgongoni. Mimi nilikuwa nyuma na viatu vyake mkononi, nikiomba kwa Kikuyu kwa sababu Kiswahili chote kilikuwa kimenitoka.

Jumanne, 2 Julai

Tumetoka kwa daktari, Mombasa mjini. Kijana, mpole. Amesikiliza kifua muda mrefu. Amesema si mwaka huu tu. Mapafu haya hayatavumilia baridi ya mlima tena. Si Julai, si mwezi wowote. Akae huku.

Baba Mwangi alisema, "Ahsante, daktari," kama aliyepewa bei ya sukari.

Mimi nina hasira na daktari, na bahari, na zile ndoo za maji.

Ijumaa, 5 Julai

Anataka kwenda. Amesema waziwazi leo, akifunga vifungo vya shati.

"Baba asiyekata nyama ya mwanawe ni baba gani? Nitaenda. Nikifa, nitakuwa nimefia kwangu."

Nikamwambia hapana. Mimi! Mimi niliyehesabu siku za kuondoka hapa tangu siku tuliyofika. Aliniangalia kama nimepagawa. Akasema, si wewe uliyetaka nyumbani? Nikasema ndiyo, nilitaka nyumbani na wewe ndani yake, sikutaka nyumbani na kaburi lako nyuma ya ghala. Mimi nilikwenda nje nikalia karibu na kisima. Mama Rehema alikuja akakaa kando yangu akichambua mchele.

Jumanne, 9 Julai

Hatuongei. Ananiambia "chai" na mimi namwambia "moto hiyo". Basi.

Nimeficha viatu vyake chini ya kitanda cha Mama Rehema. Ni ujinga, najua. Ametafuta, hakuuliza, akaenda ufukweni miguu mitupu.

Jumamosi, 13 Julai

Leo Ndirangu alikuwa anapita. Baba Mwangi aliondoka asubuhi bila kuaga, na makubazi ya kuazima, kwenda barabarani kumwambia amwekee nafasi kwenye lori. Kutoka hapa hadi barabarani ni tambarare tupu. Mtoto huenda akiruka.

Alipumzika mara ya kwanza chini ya mkorosho. Mara ya pili hakuweza kuinuka. Mume wa Mama Rehema alimkuta hapo na kumrudisha, wameshikana mikono. Lori likawa limepita.

Niliwaona wakija. Nilitaka kumgombeza, maneno yalikuwa tayari. Lakini alikaa kwenye ngazi ya mlango akatazama mikono yake, na nilichofanya ni kumletea maji. Ya vuguvugu.

Jumatatu, 15 Julai

Ameniita. Amenipa fimbo yake, ile ya uzee aliyopewa na wazee wa Gatitu, ambayo hata mimi siigusi nikifagia. Amesema nimpelekee Kariuki, mdogo wake. Akae nayo mahali pake, akate nyama, aseme ni mkono wa kaka yake.

"Mwambie asiikalie," akasema. Kariuki hukalia kila kitu. Tulicheka. Kisha mmoja wetu akaanza kulia na mwingine akafuata, na sitaandika ni nani alianza.

Nimemrudishia viatu. Akasema, nilijua viko wapi.

Ijumaa, 19 Julai

Nimefika Gatitu jana; Baba Mwangi nimemwacha kwa Mama Rehema. Ukungu hadi kwenye mlango. Mlima haujaonekana. Ng'ombe amekonda, kahawa ina magugu, Mwangi anasema kila kitu kiko sawa. Nilishika jembe kabla ya kunywa chai. Baridi iliniingia kwenye mifupa, nikaipenda, na hapo hapo nikaogopa kwa kuipenda.

Jumamosi, 20 Julai

Imekwisha. Tumekuwa Chaka kutwa nzima, kwa baba yake Nyawira.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Mjomba wa msichana, mtu wa sauti kubwa, aliuliza baba wa kijana yuko wapi. Ati anaota jua na Wazungu pwani wakati sisi tunatoa binti? Watu wakacheka. Sisi wanawake tulikuwa upande wetu na haikuwa zamu yangu kusema. Nilisema. Nilisimama na kijiko mkononi, nikasema mume wangu alikwenda kutafuta lori ili aje hapa, na alianguka njiani kwa kukosa pumzi, na mwenye pumzi za kutosha za kupiga kelele amshukuru Mungu.

Nilifikiri nimeharibu harusi ya mwanangu.

Kisha baba yake Nyawira akasema huyu mama amevunja utaratibu, atalipa mbuzi mmoja wa faini. Na akasema mbuzi huyo akiletwa, atachinjwa ili mzee aliye pwani aombewe. Wakacheka tena, lakini vizuri. Kariuki alikata nyama. Fimbo aliishika wima muda wote, kama askari. Hakuikalia.

Jumatatu, 22 Julai

Asubuhi tulivu. Ukungu umepanda kidogo, mlima umeonekana robo saa, umejifunika tena.

Nyawira amekuja kukaa. Harusi ya kanisa ni Desemba, na mchungaji akiwa na swali aje aniulize mimi. Ni msichana wa maneno machache. Ameosha vyombo bila kuambiwa. Ameviweka mahali ambapo si pake. Sikuvihamisha.

Ndirangu anapakia kesho, ataniacha Kikambala kesho kutwa. Mwangi ameuliza nitarudi lini. Nimemwambia nitakuwa nikija kuwaona. Aliinamisha kichwa. Ameelewa.

Jiko hili nilijengewa nikiwa na umri wa Nyawira. Hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kuwasha moto ndani yake, hata dada yangu, hata nilipojifungua. Nimempa Nyawira ufunguo wa jiko na ufunguo wa ghala. Alizipokea kwa mikono miwili. Nimemwambia kuni mbichi zikae upande ule, na mlango ukigoma ausukume kwa goti. Nimemwonyesha chumvi ilipo. Mengine atayaona mwenyewe.