Hapa Hapana pa Kumlilia Paulo

Jumatatu, 5 Machi 1979

Darasa la tatu wamenichosha. Chaki imeisha, nimeandika kwa mkaa. Baridi ya Tumati haina huruma na mwalimu aliyetoka Singida. Redio ya ofisini inasema vijana wetu wanasonga mbele vitani. Mume wangu, Paulo, yuko huko. Walimchukua na mgambo wenzake mwaka jana, hata shati la kubadili hakubeba.

Jumatano, 7 Machi

Yakobo, kijana wa jirani, amerudi kutoka vitani. Mkono umening'inizwa shingoni. Nikamkimbilia. Hakunitazama usoni.

"Pole, mwalimu. Paulo tulimzika wenyewe, kando ya barabara."

Nilipiga yowe. Mama mkwe akaniziba mdomo kwa kiganja. Jamani! Yeye aliyemzaa!

Alhamisi, 8 Machi

Kwetu ukifiwa watu wanajaa nyumbani mpaka unakosa pa kukaa. Huku kwa Wairaqw mwenye msiba anajitenga. Metimani, wanaita. Miezi mingi. Haingii nyumba ya mtu, hachoti maji na wenzake, ng'ombe wake hawachanganyiki na wa wengine. La sivyo mkosi unawapata wote.

Zamani iliwezekana. Mama mkwe alikaa peke yake kilimani, na chemchemi yake. Ikaja operesheni ya vijiji, wakabomoa nyumba yake, wakamleta huku kwenye mstari wa nyumba. Kisima kimoja, njia moja, josho moja. Sasa mtu akajitenge wapi?

Jumamosi, 10 Machi

Wazee wamekuja na mwenyekiti wa kijiji. Nimewaamkia shikamoo, nikakaa mlangoni. Mwenyekiti akasema serikali haijaleta taarifa, kwa hiyo Paulo ni mzima. Yakobo amevurugwa akili na mabomu. Wote wakaitikia. Mama naye akaitikia.

Nimewachukia. Waoga wakubwa! Najua hawana pa kutuweka. Najua wana watoto. Bado nimewachukia.

Jumanne, 13 Machi

Nilikwenda kumtafuta Yakobo anieleze vizuri. Hayupo. Baba yake amempeleka uwanda wa Hanang kwa mjomba, eti akasaidie ng'ombe. Kwa mkono ule!

Kisimani Anna, jirani yetu, akauliza mbele ya wanawake wote kama Paulo hajambo. Nikainamia ndoo yangu. Akanisogelea.

"Sema hajambo, mwalimu. Mimi nina mtoto mchanga."

Nikasema hajambo. Wote wakashusha pumzi. Anna akanitwisha ndoo, akanishika bega kabisa.

Ijumaa, 16 Machi

Sijala. Sijalia pia. Nyumba zimebanana, nikikohoa tu jirani ananipa pole ya kifua. Nimejifunika blanketi kichwani nikajaribu. Machozi yamegoma.

Nikirudi kwetu nitalia nishibe. Lakini Mama nitamwachia nani? Na akiwa peke yake watamuuliza mke wa Paulo kaenda wapi, atajibu nini?

Redio imetangaza ushindi tena. Walimu wenzangu wamepiga makofi. Nami nimepiga. Sina hasira tena, nimechoka tu.

Jumatatu, 19 Machi

Baada ya vipindi, zamu yetu ya kupalilia shamba la kijiji. Mawingu mazito. Wenzetu walishatangulia mbele, tukabaki mimi na Mama, mistari inayofuatana. Tangu Yakobo aje hatujalitaja jina la Paulo tukiwa wawili.

Mama akasimama, akajifanya anakung'uta jembe. Akaninong'oneza bila kugeuka.

"Yakobo hakukwambia walimlaza ubavu gani kaburini?"

"Hakusema, Mama."

Akatikisa kichwa polepole. Akainama. Mvua ikaanza, hatukuondoka, tukapalilia mpaka mwisho wa mstari.