Kaa wa Mama, Jina la Mgeni

Mama,

Umetimiza miezi saba kaburini leo. Shamba lako la mwani kalichukua Bi Saumu, na nyumbani hatujambo. Nakuandikia kwa jambo jingine.

Unamkumbuka yule bwana wa mjini aliyekuja Vitongoji na kinasa sauti, ukampikia pweza wa nazi? Ulimghania tungo zako zote za watoto: popo, kaa, mti wa mkandaa, maji yanayokupwa. Nami nikampa daftari langu. Ulikuwa ukiniambia, "Mie n'na macho, we una kalamu," na miaka kumi nilikuandikia ulichokitunga ukifunga mwani kambani, watoto wamekuzunguka. Yule bwana akaondoka na daftari. Akasema atalirudisha.

Kitabu chenye tungo zako kimefika shuleni kwetu. Jalada linang'aa, lina jina lake. Nimetafuta lako ukurasa kwa ukurasa. Mwisho kabisa kaandika: "Shukrani kwa wazee wa Pemba." Basi. Wewe ndiwe wazee wa Pemba.

Na kakuharibia tungo, Mama. Wewe ulisema:

Kaa, wendaje upande,
mbele hakukupendezi?

Yeye kaandika, "Kaa, kwa nini unatembea kwa upande?" Eti Kiswahili sanifu. Mizani imekufa, mtoto hawezi hata kuipigia makofi.

Wiki iliyopita alikuja mwenyewe kukizindua. Nikasimama mbele ya wazazi, nikasema, "Tungo hizi ni za mama yangu." Mwalimu mkuu akanivuta mkono. "Keti, Mwalimu. Mgeni haaibishwi." Yule bwana akatabasamu, akasema kaa ni wa Mungu, hana mwenyewe. Watu wakacheka.

Nikaketi, Mama. Hilo ndilo linaloniuma kuliko wizi wake. Mwanao, mwenye kalamu, aliketi.

Nawe nakulaumu, unisamehe. Nilikwambia tumpe nakala, daftari libaki. Ukasema mgeni hanyimwi. Huyo mgeni wako hakuja hata kukuzika.

Jana katika darasa la tatu, Raya wa jirani yetu, yule uliyekuwa ukimbeba mgongoni maji yakijaa, alikiangalia kitabu kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Mwalimu, bwana huyu kamjuaje kaa wa bibi?" Nikamwambia afungue ukurasa unaofuata.

Sikulala vizuri. Leo asubuhi nimepita kaburini kwako, nikang'oa magugu, kisha nikarudi nyumbani kukuandikia.

Kesho nina kipindi nao tena. Nitamjibu Raya mbele ya wenzake wote. Nitaandika ubaoni jina lako kamili, Mize binti Hamadi, mkulima wa mwani, Vitongoji, na chini yake kaa wako kama ulivyomtunga. Watamnakili kwa wino. Wakitaka kunihamisha kwa hilo, wanihamishe.

Kwaheri, Mama. Mola akupanulie ulipolala. Mara hii siketi.

Mwanao,
Asha