Nimewaambia Ni Wewe

Dada Felista,

Wenzangu wamekwenda misa. Mimi nimebaki bwenini na kifundo cha mguu kilichovimba, na maneno niliyo nayo leo hayana wa kuyapokea ila wewe.

Barua ya Baba ilinifikia nikiwa na wiki tatu tu hapa chuoni. Katekista ndiye aliyemwandikia. Ilisema umejifungua mtoto wa kike, na mstari uliofuata ukasema umeshazikwa. Niliurudia mstari ule nikidhani katekista amekosea. Mvua zilikuwa zimefunga barabara. Sikuja. Nisamehe.

Kuna jingine pia. Ile mechi ya Mbinga, siku bwana shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alipokuja na shule yetu ya ziwani ikapanda milima kucheza na Wamatengo. Tulitembea siku mbili, tukafika tunatetemeka kwa baridi. Wewe ulitoka kwa mumeo Namswea, tumbo limeshakuwa kubwa, ukasimama na akina mama kwenye kona ya uwanja. Nilifunga mabao mawili, yote kwa kushoto. Ndipo yule mwalimu mgeni akanijia.

"Chuo chetu cha ualimu hakina winga wa kushoto. Ukifaulu mtihani, nakuchukua. Nani alikufundisha?"

Nikasema, "Kaka yangu."

Sina kaka. Nawe ulikuwa hatua tatu kutoka pale. Niliona aibu wavulana wasikie kwamba aliyenifundisha ni msichana, tena kwenye mchanga wa Lituhi, akianika dagaa wetu wa usipa huku akinirushia mpira wa majani ya migomba. Kwamba kila nilipopiga kwa kulia alinituma kuchota ndoo nzima ya maji. "Mguu wa kushoto si wa kusindikiza mwenzake," ulizoea kusema. Ulinisikia nikikukana, wala hukunikasirikia. Tulipobaki wawili ulinipiga kofi dogo begani: "Haya, mdogo wa kaka yako, twende tukamwambie Baba."

Ukateremka nami mpaka ziwani, na hali ile. Mpaka leo najiuliza kama ile safari ndiyo... Mama amenikataza kuuliza.

Baba alikataa. Mtoto wa kiume ni mmoja, nyavu atavuta nani? Ukapiga magoti mbele yake. "Baba, mimi ulinitoa shule darasa la pili kwa ajili ya kazi hizi hizi. Sikusema neno. Leo nasema moja tu: mwache aende."

Baba alitoka nje, akakaa huko mpaka chai yake ikapoa. Aliporudi alikuwa ameshika koti lake la kanisani. Akanivisha mwenyewe, akanifunga vifungo vyote. Lilinipwaya, dada, ukacheka mpaka ukashika kiuno. Mtihani nikaufaulu, nikaja nalo huku chuoni.

Muhula uliopita tulishinda mechi ngumu, nami nikafunga. Wakati wa chakula mwalimu alisimama akawasimulia wote jinsi kaka yangu alivyonifundisha vizuri. Nikainuka.

"Mwalimu, sina kaka. Aliyenifundisha ni dada yangu, Felista. Amefariki akijifungua."

Mmoja alicheka huko nyuma, kisha akanyamaza bila kuambiwa. Mwalimu aliniuliza jina lako tena, akalitamka polepole. Akasema, "Basi kesho wewe utawafundisha wenzako, kama yeye alivyokufundisha." Tangu siku hiyo, jioni mawinga, mabeki, hata golikipa, wakipiga kwa kulia wanabeba ndoo za maji, na anayelaumiwa ni wewe, kwa jina lako.

Likizo nilimwona mwanao. Mumeo alimleta kwetu, na Mama anamlea kwa uji na maziwa ya mbuzi. Ameshaota meno mawili na anang'ata kila anayemsogelea. Nilimwambia Baba kwamba nikipata kazi ya ualimu nitamchukua, asome mpaka shule iishe, asitolewe na mtu. Nilijiandaa kwa ubishi. Baba alimpakata, akamfuta udenda kwa kiganja chake kile kigumu, akasema bila kuniangalia, "Usimchukue mapema sana. Niache kwanza nimzoee."

Nawasikia wenzangu wanarudi. Kwaheri, dada. Atasoma, hilo nakuahidi. Na asante. Sikukuambia neno hili hata mara moja ulipokuwa ukinisikia.

Mdogo wako,
Gaudensi