Mbwa Hakubweka Alipokuja Kocha

Jumamosi. Jua la huku kwetu Kalama limewaka tangu asubuhi, na roho yangu iko chini kama maji ya kisima.

Mimi sikuenda shule. Maneno nasema mimi, na Mutheu, msichana wa jirani, anaandika kwenye daftari hili. Siku zingine anayeandika hapa ni Kyalo, mjukuu wangu. Kyalo yuko seli tangu juzi, na aliyemwita akatoka ni mimi.

Wacha niseme vile ilikuwa.

Mwaka jana polisi walianzisha timu ya mpira na vijana wetu. Kila Jumamosi, uwanja wa shule, polisi na vijana wanachanganywa pande zote mbili ndio wazoeane. Kabla ya hapo kijana wa huku akiona gari la polisi aliruka ua hata kama hana kosa. Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kupeleka wangu, Kyalo. Kisha nikapita boma kwa boma nikigombeza kina mama: "Mtoto mnamficha kama pombe? Mtoeni acheze."

Nikajipa kazi ya kufua jezi. Za polisi na za vijana, beseni moja.

Kocha ni koplo wa kituo. Jezi alikuja kuchukua mwenyewe. Si mtu wa huku, lakini alijifunza kuniita Susu kama wajukuu zangu, na muthokoi wangu, mahindi ya kukoboa na maharagwe, aliula mpaka akakwangua sufuria. Mbwa wangu, ambaye ameuma hata mchungaji, aliacha kumbwekea.

Jumatano vijana walifunga barabara wakidai maji, maana mifereji imekauka. Kyalo alikuwepo. Sitadanganya. Alishika bango, hakushika jiwe.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nachambua ndengu. Kuinua macho, Kocha amesimama na wenzake wawili. Mbwa kimya.

"Wakya, Susu. Kyalo yuko?"

"Aa," nikaitikia salamu. "Jezi bado ni mbichi, mwanangu. Keti kwanza."

"Namtaka yeye kidogo tu."

Nikaita. Nikaita kwa sauti ile ya kumwita chakula kikiiva. Kyalo akatoka shambani mbio, jembe begani, anacheka. "Kocha, leo kuna mazoezi?"

Wakamtia pingu.

Kocha akasema ni amri kutoka juu. Nikamwambia, "Hiyo amri ya juu haijui njia ya kwangu. Wewe ndiye unaijua."

Akamshika Kyalo mkono, wakaondoka. Mbwa alimsindikiza Kocha mpaka barabarani akitingisha mkia.

Jana nilienda kituoni, wakakataa nimwone. Wale kina mama niliowagombeza wakiniona wanageuza uso. Siwalaumu. Watoto wao wameanza tena kuruka ua.

Leo ilikuwa siku ya mechi. Uwanjani kuna mbuzi tu.

Jezi zimekauka. Ya Kocha, namba sita, nilitaka kuitupa motoni. Nikaikunja na zingine, kwa sababu mikono imezoea.

Jumatatu Kyalo anapelekwa kortini. Nitaenda nikae kwenye benchi, anione tu. Tumaini sina, na sitajifanya niko nalo.

Mbwa nimemfunga kwa kamba. Ananiangalia, hajui amekosa nini.

Na mimi niliyeita, nani atanifunga?