Basi Linapita Mlangoni

Bwenini, 15 Mei 2011
Mwaka mmoja na miezi saba tangu nitoke nyumbani

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mwanangu Ilinca, na kwamba macho hayajazidi kufifia. Mimi sijambo, ila vidole vya mkono wa kisu havikunjuki asubuhi. Ilinca, msomee Bibi polepole, usiruke maneno.

Nimepata nyumba. Bwenini kwetu wafanyakazi mtoto haruhusiwi, unajua, na gari la kampuni huchukua watu kutoka bwenini tu. Ukihama, utajua mwenyewe utakavyofika machinjioni. Kwa hiyo tangu Pasaka, kila Jumapili nimekuwa nikizunguka vijiji kwa miguu. Ghiță anayelala kitanda cha juu yangu ananicheka: "Wewe unatafuta kijiji au unatafuta mchumba?"

Kijiji cha kwanza kilikuwa karibu na kazi, lakini mwenye nyumba aliposikia ninakofanya kazi akasema chumba kimeshapata mtu. Cha pili hakina shule wala duka, ni ng'ombe tu na mitambo ya upepo. Cha tatu kinaitwa Hollerbrok. Huko nilikwenda Jumatano, siku niliyopewa kupumzika wiki hiyo, nikakaa kituoni mbele ya kanisa kutwa nzima nikitazama basi. Linapita asubuhi, mchana na jioni. Linashusha watoto shuleni, kisha linaendelea hadi mjini, karibu na machinjio. Mtu mzima pale nilikuwa peke yangu, wengine wote watoto wenye mabegi, wakiicheka kofia yangu. Nikafurahi. Ilinca hatakosa wenzake.

Mwenye nyumba ni mjane, Bi Gesine. Ana vyumba viwili juu ya zizi la zamani. Aliniuliza mara tatu kama nina gari. Nikamwambia nitapanda basi. Akaniangalia, akasema, "Wewe ndiye unayejua."

Ilinca aje Agosti, kabla shule hazijafunguliwa.

Mwanao,
Toader


Nyumbani, 5 Juni

Mwanangu Toader,

Marahaba. Sisi wazima, na mahindi yameota. Ilinca ndiye mkono wangu na ndiye macho yangu, kwa hiyo ukiona kosa, ni lake.

Nimewaambia wanawake kanisani kwamba mwanangu amepata nyumba na basi linapita mlangoni. Frosa akasema mwanawe aliyeko Italia ana gari. Nikamwambia gari lake ni la mkopo, basi la mwanangu halidaiwi na mtu. Akageukia kitabu chake cha nyimbo.

Huku mlimani basi dogo la Nelu bado linapanda, siku nyingine tupu, yeye na redio yake. Vijana wote wako kwenu huko.

Mtoto yuko tayari. Tangu mama yake aondoke na kunyamaza, hajawahi kufurahi hivi. Mimi usiniwazie. Kisima nakijua kwa miguu.

Mama yako

Baba, hapa ni mimi, Bibi hajui. Jana alishika jiko la moto akitafuta sufuria. Amefunga kitambaa. Amesema nisikuandikie. Kwenye basi nitakaa dirishani?


Hollerbrok, 24 Julai

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mkono umepoa. Usimgombeze aliyeniambia.

Mama, basi hakuna. Halijaharibika. Siku ya kwanza lilipokosekana nilisimama kituoni kama kawaida, hakukuwa na mtoto hata mmoja. Nikangoja mpaka miguu ikafa ganzi, nikarudi. Bi Gesine alikuwa anaanika nguo.

"Shule zimefungwa," akasema. "Basi hilo ni la watoto. Shule zikifungwa, halipo."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilidhani unajua. Hapa kila mtu anajua."

Na ni kweli. Hapa kila nyumba ina gari, hata mawili, kwa hiyo neno hilo hakuna anayehitaji kulisema. Mimi nililitazama basi mwezi wa Mei nikadhani nimeutazama mwaka mzima.

Amenipa baiskeli ya marehemu mumewe, chuma kitupu, nzito kama lango. Ninaondoka kabla ya alfajiri, nafuata mfereji, na upepo wa huku unakuja mbele ya uso wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Nimeshachelewa mara mbili. Msimamizi ameniambia nikichelewa tena nibaki huko huko kijijini kwangu.

Shule zikifunguliwa basi litarudi. Lakini kuna likizo ya Oktoba, kuna ya Krismasi, kuna ya Pasaka. Nikirudi bwenini, Ilinca hawezi kuja. Nikibaki, atakuwa peke yake siku ambazo mimi niko barabarani. Niambie wewe la kufanya. Mimi nimechoka hata kufikiri.

Mwanao,
Toader


Nyumbani, 7 Agosti

Mwanangu Toader,

Marahaba. Mtoto anakuja.

Juzi nilimwaga maji yanayochemka nikidhani hakuna mtu penye beseni, kumbe Ilinca alikuwa ameinama hapo anaosha nywele. Yamepita kando ya sikio lake. Sitaki kulizungumza zaidi. Huko atakuwa na mtu anayeona.

Anaondoka Jumamosi na gari la Dorel, lile linalopeleka wafanyakazi. Nimemfungia jibini na soksi za sufu. Baada ya hii usingoje barua, kwa sababu anayeandika ndiye anayeondoka.

Mama yako

Bibi anasema niandike kwamba halii. Nimeandika kama alivyosema.


Nyumbani, 20 Novemba

Mwanangu Toader,

Anayeandika ni Safta wa posta. Anaandika amesimama, anataka kushuka kabla theluji haijaanguka.

Barua yako ya Septemba alinisomea. Nilifurahi kusikia Ilinca anahesabu kwa lugha yao na ana rafiki wa kukaa naye kwenye basi. Tangu hapo, kimya. Nelu amekwenda Hispania kuchuma machungwa, na tangu sikukuu ya Mtakatifu Dumitru, mwishoni mwa Oktoba, basi halipandi tena huku. Safta anatembea kutoka barabara kuu, mara moja kwa wiki akiweza. Nilidhani barua zimekwama chini. Anasema hakuna kilichokwama.

Mimi nipo. Niambie tu mtoto yuko wapi.

Mama yako


Hollerbrok, 4 Desemba
Miaka miwili na miezi miwili tangu nitoke nyumbani

Mama mpendwa,

Shikamoo. Ilinca yuko hapa mezani, mzima, anakula viazi. Nianzie hapo ili Safta akusomee hilo kwanza.

Ilikuwa likizo ya Oktoba. Nilimwambia afunge mlango, asimfungulie mtu ila Bi Gesine, nikapanda baiskeli. Kulikuwa na ukungu. Gari lilinigonga kwa nyuma, sikuliona, nikaangukia mtaroni. Mwanamke mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa ndiye aliyenikuta. Mguu umevunjika pawili. Hospitali walinilaza usingizi kabla sijapata maneno ya kuwaambia kwamba nina mtoto nyumbani.

Nilipochelewa, Ilinca alitoka na kofia yangu akaenda kusimama kituoni. Giza likaingia, mvua ikanyesha. Bi Gesine alimkuta hapo amelowa.

"Namngoja baba," akamwambia. "Atashuka hapa."

Bi Gesine anasema hakuweza kumwambia kwamba wiki ile hakuna basi. Alimpakia kwenye gari lake, wakanitafuta mpaka wakanipata. Gari hilo lipo siku zote uani, chini ya chumba changu. Mimi sikuwahi kumwomba, na yeye hakuwahi kusema.

Sikukuandikia kwa sababu sikujua niandike nini.

Daktari anasema goti halitakunjika tena. Kampuni imenipa karatasi ya kuachishwa kazi. Alikuja pia mwanamke wa ofisi ya ustawi wa watoto, mpole, akanywa chai yetu, akasema mtoto hawezi kulelewa na baba anayetoka usiku na asiye na namna ya kurudi.

Ilinca anataka ujue kwamba kwenye basi alikaa dirishani kila siku.

Tunarudi na Dorel, Jumamosi tarehe 17. Atatushusha barabara kuu, gari lake haliwezi mlima kwenye theluji. Najua Nelu hayupo. Tutapanda kwa miguu, mimi na magongo, Ilinca na begi, na kwa mwendo wangu tutafika usiku.

Washa taa ya barazani, Mama. Wewe huihitaji, lakini sisi tutaihitaji.

Mwanao,
Toader